Naombeni ushauri: albamu ya The Car imenigawanya na mdogo wangu

Wadau, habari zenu. Arctic Monkeys, ile bendi ya roki ya vijana wa Sheffield, Uingereza, nawapenda tangu albamu yao AM ya 2013, magita mazito na ngoma inayogonga kifuani. Sasa nimeingia kwenye The Car ya 2022: piano, vayolini tele, mwimbaji wao Alex Turner anaimba taratibu kama anamnong'oneza mtu. Mdogo wangu hakumaliza hata wimbo wa kwanza, akavua hedifoni: "Hii bendi imekwisha." Mimi wimbo huohuo ulinitoa machozi, ila zinazofuata bado haziniingii.

Mliowahi kuizoea, mlifanyaje? Nianze na albamu yao iliyotangulia, Tranquility Base ya 2018, ambayo Turner aliitungia kwenye piano, au niisikilize hii mfululizo usiku, peke yangu? Natamani kuipenda yote.