Fundi tairi wa njia ya Mikindani kanivunjia stadi (bolti ya kufungia tairi), halafu kanivunjia heshima mbele ya mama mkwe

Wakuu, nina hasira, mikono inatetemeka. Nikikosea herufi mnivumilie.

Yule fundi pancha wa njia ya Mikindani mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Kila mwenye gari Mtwara ameshapita mikononi mwake, na kama hujapita basi zamu yako inakuja. Huyo huyo mwenye mdomo. Huyo huyo.

Leo asubuhi nimetoka Chikongola, nampeleka mama mkwe Lindi kwenye arusi. Mama kakaa siti ya mbele, kavaa kanga doti mpya haijafuliwa hata mara moja. Tairi ya mbele kushoto ikaanza kuisha upepo, nikaingia kwa huyo bwana. Pancha kaziba vizuri, hapo simsemi.

Balaa likaja kwenye kufunga. Gari limeshashushwa jeki, nati zimeshakaa, spana kwa mkono ingetosha kabisa. Yeye akaenda nyuma ya kibanda akarudi na bomba la chuma refu kuliko yeye mwenyewe. Akalichomeka kwenye wili spana, akapanda juu kwa miguu yote miwili, akaanza KURUKA. Jamani anaruka! Gari zima linanesa, mama mkwe ndani kashika dashibodi anasoma dua zote anazozijua. Nikamwambia fundi inatosha. Akaruka tena. Nikamwambia fundi nimesema inatosha! Akaruka ile ya mwisho, ikalia TAA! Kuku walikimbia, mbuzi walikimbia, nadhani hata meli bandarini zilisogea. Yeye chini kwa makalio, bomba kule, wili spana kule.

Nikamwambia umenivunjia stadi. Akainuka, akajipangusa vumbi, akaniangalia usoni, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ghuba:

"Nne zinatosha bosi. Kitanda chenu kina miguu minne na mnalala wawili, kimeshawahi kuanguka?"

MBELE YA MAMA MKWE.

Kioo kimeshushwa chote. Mama yupo umbali wa mkono. Mama aliyenizalia mke, anasikia mtu mwenye grisi mpaka masikioni anahoji kitanda cha binti yake kinavyosimama. Mama alivuta kanga akajifunika uso mzima, na mpaka tunafika Lindi hakuifunua. Nimeendesha zaidi ya kilomita mia pembeni ya kanga.

Subirini, hajamaliza. Nikaenda duka la jirani kutafuta chenji, kurudi nakuta nati zote tano zipo mahali pake. Nikamuuliza, imekuwaje? Akasema "nimeshaiweka sawa bosi, nenda salama". Kapokea hela yote, hata mia hakupunguza. Kufika Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi na ya Lindi zinapoachana, usukani unatetemeka. Nikashuka kuangalia. Nati ya tano nimeishika kwa vidole viwili ikatoka yenyewe, na kipande cha stadi kimo ndani yake! Alikibandika kwa grisi! Alipaka grisi akakirudisha kwenye tundu la rimu ili nione ziko tano! Na zile nne nyingine, mbili zilikuwa zimeanza kulegea.

Ninacho kipande hapa mezani. Nakitazama. Na kila nikikitazama nasikia lile neno. Kitanda chenu. Hakusema hata kitanda tu, kasema CHENU.

Mke wangu ameshapigiwa simu na mama yake. Sijui kaambiwa nini. Ameniandikia "tutaongea ukirudi" na nukta.

Huyu mtu afungiwe kijiwe. Anyang'anywe bomba. Mwenye njia ya kumfikia amwambie simu nitakayompigia ataikumbuka.

Kuchele:
Pole mkuu. Nilikuwa nasoma kwa huzuni mpaka nilipofika kwenye kitanda. Nimecheka mpaka wa jirani kagonga ukuta.

Binti Newala:
Hahahaa "na nukta". Kaka, ukirudi nyumbani kalale sebuleni kwanza, kochi nalo lina miguu minne.

Mabibo Makavu:
Namjua! Mimi alinivunjia mbili mwaka jana, akaniambia tatu zinatosha kwa sababu hata jiko la mafiga lina mawe matatu na ubwabwa unaiva. Kumbe majibu anayo kwa kila idadi.

Mwenye Uzi:
Wewe alikuambia mafiga. Mimi kaniambia kitanda. Mbele ya nani? Mbele ya mama mkwe. Naomba tusilinganishe.

Fundi wa Lindi:
Mkuu, weka picha ya kile kipande, upande uliokatika. Kama uso wote unang'aa, imekatika leo. Kama nusu ni nyeusi au ina kutu na nusu inang'aa, ujue ilikuwa na ufa wa siku nyingi, mtu mwingine aliikaza kupita kiasi huko nyuma, yeye kamalizia tu.

Mwenye Uzi:
Nimeangalia. Robo ina kutu, iliyobaki inang'aa. Sasa kutu hiyo ndiyo iliyosema kitanda?

Kuchele:
Kutu haina hatia wakuu, uzi uendelee.

Fundi wa Lindi:
Sijamtetea, nakwambia kitaalamu. Bomba la mita moja, akisimama mwishoni mtu wa kilo 70, hapo ni karibu Nm 700 (Nm ndiyo kipimo cha nguvu ya kukaza). Na hapo amesimama tu, hajaruka. Magari mengi madogo ya Toyota yenye stadi za milimita 12 yanataka Nm 103. Stadi inavutika mpaka inapoteza nguvu, hata isipokatika leo itakatika njiani. Kwa hiyo usibadilishe moja tu. Mwambie fundi wako akague na zile nne, zote zimerukiwa.

Mzee wa Mtama:
Ahsante fundi, huu ndio mchango. Swali: kuibadilisha stadi lazima ufungue habu (kitovu cha gurudumu) yote? Mimi waliniambia siku mbili na hela ndefu.

Fundi wa Lindi:
Walikuwa wanakula. Mara nyingi hata habu huitoi. Toa tairi, fungua kalipa (kibanio cha breki) uifunge juu kwa waya isining'inie kwenye paipu ya breki, toa diski. Gonga kile kisiki kwa nyundo kirudi nyuma, zungusha habu mpaka penye nafasi kitoke. Ya mpya unaipenyeza kwa nyuma, meno ya shingoni yakae kwenye njia zake, halafu mbele weka washa kadhaa (zile ringi bapa za chuma) na nati ya zamani, ivute taratibu kwa spana mpaka kichwa kigote. Rudisha vitu, kaza kwa kurukia nati za upande wa pili, siyo kuzunguka kwa mfululizo. Ukitembea kilomita 50 mpaka 100 kaza tena. Ni kazi ya muda mfupi tu.

Mwenye Uzi:
Kwa hiyo ni kazi ya muda mfupi! Angeweza kuibadilisha pale pale! Badala yake kachagua kuongelea kitanda!

Pweza Mkavu:
Mkuu, nina swali na usikasirike. Kitanda kimeshawahi kuanguka?

Mwenye Uzi:
Wewe utakuwa ndugu yake.

Binti Newala:
Nimekufa mimi 😂😂😂

Dereva wa Makaa:
Ninyi wa magari madogo mnalia na stadi moja. Njooni kwenye Fuso za zamani. Upande wa kushoto nati zinafunguka kinyume, na kichwani mwa stadi kumeandikwa L kabisa. Tumeharibikiwa tairi usiku njia ya kuelekea bandarini, akaja kijana na bomba lake, anajua anafungua kumbe anakaza. Namwambia kushoto hii, geuza. Ananiambia "mzee, mimi nimezaliwa kwenye tairi". Akakata stadi tatu ndipo akauliza hivi inafunguka upande gani. Na nyuma yangu foleni ya malori ya makaa ya mawe wote wanapiga honi.

Mabibo Makavu:
Aliyezaliwa kwenye tairi kaziba tundu gani 😂

Mzee wa Mtama:
Dereva, umenikumbusha. Hayo malori yenu ya makaa ndiyo yanayotumalizia barabara. Mimi tairi zangu zote zimekatika kwa ajili ya mashimo yenu. Mngeanza kuomba radhi kabla ya kuleta stori.

Dereva wa Makaa:
Mimi ndiye niliyechimba shimo? Na koleo nilitoa wapi? Mbona msimu wa korosho malori yanajaa barabara hiyo hiyo na hamsemi?

Mwenye Uzi:
Wakuu, tusitoke kwenye mada. Mama mkwe ameniita nje sasa hivi. Kanga bado ipo usoni.

Kuchele:
Tuletee mrejesho.

Shamba la Nanyamba:
Njia ya korosho msiiguse. Tuliozoea kutoka Mtwara mpaka Mnivata, zile kilomita 50 za lami, tunajua raha yake. Kilio kinaanza ukishazimaliza, hasa kipindi cha mvua. Mimi nati zangu zililegea kwa rasta (vile vituta vya mfululizo vya barabara ya vumbi), nikawa nasimama kila kijiji kukaza.

Fundi wa Lindi:
Kama zinalegea kila kijiji siyo rasta. Ama uso wa rimu umejaa kutu na rangi, ama nati si za rimu hiyo. Rimu ya alloi na nati ya rimu ya chuma mara nyingi hazipatani, ile shingo haikai.

Shamba la Nanyamba:
Mimi napaka oili kwenye stadi ili nati iteleze vizuri. Au ndiyo kosa?

Fundi wa Lindi:
Acha kabisa. Ukipaka oili, kwa nguvu ile ile ya spana stadi inavutwa zaidi ya ilivyopangwa. Safisha kwa brashi ya waya, funga kavu.

Mabibo Makavu:
Mafundi wote niliowajua tangu utoto wanapaka oili. Leo ndiyo wewe mjuzi kuliko wote?

Fundi wa Lindi:
Na stadi zao zinakatika.

Binti Newala:
Mie kilio changu ni duka moja la spea, mjini, mnalijua. Nilinunua stadi na nati zake, nati ikaingia nusu ikagoma. Kurudisha, muuzaji ananiambia "dada, hiyo ni mpya, inahitaji kuzoeana". Vyuma vinazoeana? Kumbe nati kanipa za uzi wa moja na robo (milimita toka jino hadi jino) na stadi za gari langu ni moja na nusu. Nikamwomba hela yangu akaniambia nichague kitu kingine cha bei hiyo. Nimeondoka na saa ya dashibodi. Gari halina stadi lakini najua saa ngapi.

Pweza Mkavu:
Duka la kona lile? Lina rangi ya kijani?

Binti Newala:
Sijataja. Umetaja wewe.

Pweza Mkavu:
Mimi waliniuzia betri imeandikwa mpya, nikapangusa vumbi nikakuta jina la mtu limekwanguliwa kwa msumari.

Mwenye Uzi:
Nimerudi. Mama mkwe kaniuliza kitu kimoja tu: "Baba, yule kijana alijuaje kama mna kitanda cha miguu minne?" Wakuu. Anadhani tunafahamiana! Anadhani nimewahi kumkaribisha ndani! Nifanyeje? Nitaelezaje?

Dereva wa Makaa:
Shamba la Nanyamba, mwaka huu salfa ya kupulizia mikorosho mmepata mapema au ndiyo yale yale?

Shamba la Nanyamba:
Yale yale. Imekuja maua yameshatoka, ubwiriunga (ule ukungu wa mikorosho) umeshakula. Tena mfuko wa kwangu ulikuwa umelowa, umeganda. Unaupiga kwa mchi kwanza ndipo uingie kwenye pampu.

Mzee wa Mtama:
Wa kwako uliganda, wa kwangu haukufika kabisa. Jina lipo kwenye daftari na sahihi imewekwa, ila siyo yangu.

Shamba la Nanyamba:
Sahihi ya nani sasa? Hebu fungua uzi wake mzee, hilo ni jambo zito.

Mwenye Uzi:
Jamani kuna mtu amesoma niliyoandika kuhusu mama mkwe?

Mabibo Makavu:
Wakuu, kuna mwenye tairi mbili za mkononi 185/70 R14, ziwe na kashata (yale meno ya tairi) bado? Nipo Magomeni, nakuja na hela taslimu.

Pweza Mkavu:
Ninazo. Njoo binafsi. Bomba unaleta mwenyewe?