Ushauri: pampu ya kisima cha mita 28, kategoria za katalogi zinanichanganya

Mkazi_Tengeru
Wakuu, habari za jioni. Nina kisima cha kuchimba kwa mkono, kina mita 28, upana mita moja na robo. Simtanki la lita 2,000 liko juu ya mnara wa mita 6, na toka kisimani hadi mnarani ni mita 40. Umeme fezi moja. Katalogi za mtandaoni zina pampu za nyumbani, za bustani, za presha, za maji machafu, za kuzamisha, na pampu ileile unaikuta kwenye kategoria tatu. Kuna moja ya nusu HP, imeandikwa H max mita 40, bei yake nzuri. Niichukue?

FundiBomba_Mbauda
Usiichukue, mkuu. Kwa bei hiyo na maelezo hayo, hiyo ni pampu ya kukaa juu. Hizo mita 40 za H max ni kimo cha juu kabisa cha kusukuma maji. Tafuta mstari wa kina cha kuvuta, utakuta 8 au 9, nayo ni ya usawa wa bahari. Pampu haiyavuti maji kama kamba. Inapunguza hewa ndani ya bomba, halafu hewa ya nje ndiyo inayoyapandisha. Baharini hewa hiyo inaweza kupandisha maji mita 10.3. Arusha mjini, mita kama 1,400 juu ya bahari, inabaki 8.7 hivi, na ukitoa msuguano wa maji bombani shukuru ukipata 6. Tengeru mko chini kidogo, na Moshi chini zaidi, lakini nafuu hiyo haifikishi maji yenu popote. Itanguruma tu bila maji mpaka sili (kizibo kinachozuia maji yasiingie kwenye mota) iungue.

Za presha ni za kutoa maji tankini kwenda bafuni. Za maji machafu zina namba za kutamanisha, lita 200 na zaidi kwa dakika, ila hedi yake, yaani kimo inachoweza kupandisha maji, mara nyingi haizidi mita 10. Funga kategoria zote hizo, baki na za kuzamisha za inchi 4.

Mama_Sakina
Ndugu, kabla ya kufungua katalogi, pima maji yenyewe. Funga jiwe kwenye kamba, shusha mpaka chini, vuta, kisha pima sehemu kavu na sehemu iliyolowa. Kina cha kisima peke yake hakikuambii ununue nini.

Mkazi_Tengeru
Asante dada. Kavu ni mita 20, iliyolowa 8.

Mama_Sakina
Weka akiba ya mita 2 kwa ajili ya kiangazi, kabla ya vuli na tena Februari. Kwa hiyo 22. Jumlisha mnara 6 na kimo cha tanki mita 1.5, inakuwa 29.5. Sasa msuguano. Ukining'iniza pampu kwenye mita 26, bomba lote ni kama mita 74. Ukitaka tanki lijae kwa saa moja unahitaji lita 33 kwa dakika. Kwa bomba la plastiki la mm 32 unapoteza mita 3, weka 4 na kona zake. Jumla 33.5, sema 34. Ukibana matumizi ukachukua la mm 25, msuguano unapanda zaidi ya mara tatu na hesabu yote inaharibika.

Kwa hiyo unachotafuta ni lita 33 kwa dakika kwenye hedi ya mita 34. H max (hedi ya juu kabisa) na Q max (mtiririko wa juu kabisa) hazipatikani kwa pamoja: kwenye H max maji hayatoki kabisa, na kwenye Q max hayapandi. Ingia kwenye grafu au jedwali la mtengenezaji, soma hedi kwenye lita 33. Ikiwa 37 hadi 42, chukua. Hapo utaangukia kwenye 0.75 HP. Tangazo lisilo na grafu, nakili namba ya modeli ukaitafute kwa mtengenezaji. Isipopatikana, achana nalo hata kama lina nyota tano.

Kisima kitatosha. Kwa upana huo kila mita ya maji ni kama lita 1,200.

Volti_Moshi
Nyongeza moja ambayo watu huiruka: hertzi (Hz), yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Katalogi za Marekani zinaonyesha grafu ya 60 Hz, huku kwetu ni 50. Pampu ya kasi isiyobadilishwa ikija huku inazunguka polepole, mtiririko unabaki asilimia 83 na hedi 69. Ya mita 42 inakuwa 29, na wewe unahitaji 34. Nyingine ni za volti 115 kabisa. Soma kibao chake kwenye picha: 220–240 V, 50 Hz.

Waya unaokuja na pampu mara nyingi ni mita mbili tu. Wewe unahitaji kama 80, na chukua wa mm² 2.5. Ule wa 1.5 unakula volti karibu 10, na jioni umeme ukiwa tayari umeshuka, mota inachemka.

FundiBomba_Mbauda
Na mota hizo za inchi 4 zinapozwa na maji yanayopita ubavuni. Kisima chako ni kipana, maji yataingia kwenye pampu bila kuigusa mota iliyo chini. Ivishe kipande cha bomba la inchi 5, kizibwe juu ya chujio la pampu, kiwe wazi chini ya mota. Ining'inize kwa kamba ya nailoni, usitumie waya wa umeme. Weka na swichi ya kuizima maji yakipungua.

Mkazi_Tengeru
Nimewaelewa wakuu. Muuzaji anasema nikinunua na chujio lake la nyuzi, maji yatakuwa salama kunywa?

Mama_Sakina
Hilo linashika mchanga na matope. Visima vingi kuzunguka Mlima Meru vina floraidi (madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi), na chujio la nyuzi haliigusi. Inayoiondoa ni mkaa wa mifupa au mtambo wa osmosisi, ambayo ni kategoria nyingine kabisa. Peleka sampuli ya maji maabara kwanza, halafu ndiyo ufungue ukurasa huo.