Aretha Franklin: nianzie Columbia, Atlantic au Arista?

Msikilizaji_Moro:
Wakuu, habari zenu. Aretha Franklin, mwimbaji wa soul wa Marekani, namjua kwa "Respect" na ule wimbo alioimba na George Michael, basi. Sasa nataka nimsikilize kwa utulivu, nikae na kipindi kimoja mpaka kiniingie. Naona kazi zake zimegawanyika kwa makampuni ya kurekodi: Columbia kuanzia 1960, Atlantic kuanzia 1967, Arista kuanzia 1980. Nianze na kipi?

Santuri:
Atlantic, mkuu. Columbia walikaa na sauti ileile miaka sita wakaifunika kwa fidla na ala nyingine za nyuzi. Jerry Wexler, mtayarishaji wa Atlantic, alimrudisha kwenye piano yake mwenyewe. Januari 1967 akampeleka studio za FAME, Muscle Shoals, Alabama. Wakarekodi "I Never Loved a Man", kisha siku hiyohiyo ukazuka ugomvi uliomhusu mume wake, Ted White, na kazi ikavunjika. Ilibidi wakaendelee New York. Sikiliza wimbo unavyoanza: kinanda cha umeme peke yake, kizito, hakina haraka, ndipo anaingia Aretha.

Mama_Alto:
Santuri kaka yangu, Columbia unawaonea. John Hammond, mtayarishaji wao, alimsajili Aretha akiwa na miaka 18, na pale ndipo alipoimba jazi na bluzi. Tafuta "Unforgettable" ya 1964, albamu ya kumuenzi mwimbaji Dinah Washington aliyekuwa amefariki miezi michache kabla. Ukishasikia "Drinking Again" utajua kipaji kilikuwa kimekomaa zamani.

Ila kwa "Respect" nakuunga mkono. Otis Redding aliitoa 1965, mwanamume anadai heshima akirudi nyumbani. Aretha akaichukua 1967, anayedai sasa ni mwanamke. Kule kulitaja neno "Respect" herufi moja moja, kwa Otis hakukuwepo. Na wanaomwitikia ni ndugu zake, Carolyn na Erma. Sisi tunaoimba sauti za nyuma tunaujua uzito wa kazi ile, maana wale wanamsukuma, hawamfuati tu.

Kijana_wa_Themanini:
Arista msiitupe. "Freeway of Love" ya 1985 ilimletea Aretha vijana ambao wazazi wao ndio waliomjua. Na mwaka 1998 kwenye tuzo za Grammy, mwimbaji wa opera Pavarotti alipougua, Aretha aliombwa ghafla aimbe wimbo wa opera "Nessun dorma" badala yake, akauimba. Alikuwa na miaka 55.

Mwanakwaya:
Ndugu zangu, mbona mmeiruka "Amazing Grace"? Baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, aliongoza kanisa la New Bethel Baptist kule Detroit, na binti alianza kuimba humo akiwa mdogo. Januari 1972, wakati tayari ni nyota, alirudi kanisani kurekodi: usiku wa siku mbili, New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, pamoja na Mchungaji James Cleveland na kwaya yake. Wimbo unaobeba jina la albamu unapita dakika kumi. Neno moja analishika, analipandisha, analigeuza, na waumini wanamjibu papo hapo.

Kulikuwa na kamera pia, lakini picha na sauti zilishindikana kuoanishwa, na filamu ikaonyeshwa 2018, baada ya yeye kufariki Agosti mwaka huo. Mle utamwona baba yake akimfuta jasho usoni huku yeye yuko kwenye piano, anaendelea kuimba. Kwangu mimi Aretha wote yuko hapo.

Santuri:
Hapo sina ubishi. Na kumbuka nayo ni Atlantic.

Msikilizaji_Moro:
Asanteni sana. Naanza na "Amazing Grace". Ila naona kuna ya 1972 na nyingine ndefu yenye rekodi zote za siku zile mbili. Nichukue ipi?

Mwanakwaya:
Ya 1972 kwanza, mkuu. Ile ndefu utaitafuta mwenyewe.

Mama_Alto:
Na uvae spika za masikioni, uisikilize kwaya.