Aliyepanga upya namba za kazi kwenye ratiba yetu anilipe hili Fuso la mchanga!

Wakuu, niko saiti hapa Njiro nimekalia rundo la mchanga ambao hakuna aliyeuhitaji. Nina hasira, mnisamehe.

Ratiba yetu iko kwenye Primavera, ile programu ya kompyuta ya kupanga ratiba za ujenzi. Mnaoitumia mnajua inavyoanza yenyewe: A1000, A1010, A1020, inaruka kumi kumi ili ukikumbuka kazi uliyoisahau upate pa kuichomeka. Ndivyo nilivyopata A1245, kukagua nondo kabla ya zege. Sasa ofisini kaletwa dogo mmoja, akaniambia eti hiyo A1245 "inachafua mpangilio". Nikacheka, nikajua utani. Ijumaa nikashuka Moshi msibani. Jumatatu narudi, kazi mia nne na ushee zote zina namba mpya, na hakuna aliyeulizwa.

Bosi ananiambia mbona kazi bado zimeungana vizuri, tarehe hazijasogea hata moja? Ni kweli, na hapo ndipo panaponichoma. Programu haina shida, yenyewe inajua kazi ipi inafuata ipi hata ukiibadilishia namba. Wenye shida ni watu. Fomani wetu ni mzee wa Kimeru, kompyuta hajawahi kuigusa, ila kaunta buku lake limejaa A1240 na A1310 kwa kalamu ya bluu. Ripoti za kila siku, hati za malipo alizosaini mhandisi mshauri, picha, meseji za WhatsApp, zote zina namba za zamani.

Basi jana mzee kaagiza vifaa vya A1240. Kwake hiyo ni slabu ya ghorofa ya kwanza. Storekipa kaangalia ratiba mpya ukutani: A1240 ni lipu ya kibanda cha mlinzi! (Dogo kaanza kuhesabu na kibanda, sijui kwa nini.) Leo asubuhi Fuso likamwaga mchanga laini, kokoto hata punje. Mixer ya kukodi inalipiwa kwa siku, vibarua kumi na wawili wamesimama wanatutazama. Saa nane mvua ikashuka, siku ikaishia hapo.

Wa Microsoft Project mtasema kwenu namba ya mstari inasogea kila ukiingiza kazi katikati. Sawa, lakini mnalijua hilo, na mna ile nyingine ya kudumu isiyoguswa. Sisi hii ndiyo tuliyoandika kwenye makaratasi.

Kama kiherehere kilimzidi, si angeziweka za zamani kwenye Excel kwanza, mpya pembeni? Nakala ya Alhamisi ninayo, ila nikiirudisha, maendeleo yote aliyoyaingiza tangu hapo yanapotea. Kwa hiyo nalinganisha moja moja kwa majina ya kazi. Mpaka sasa nimefika A1090, na nimegundua kuna kazi kumi na moja zilizoandikwa "Lipu" tu, basi.

Mwenye njia fupi anisaidie aisee.