Nina milioni 24 na eka mbili Bomang'ombe: ninunue mitamba wangapi?

Kijana wa Tambarare

Habari za kazi wadau. Nipo Bomang'ombe, wilaya ya Hai. Nina eka mbili, umeme upo, maji ya bomba yanatoka siku tatu kwa wiki. Nimeweka akiba ya milioni 24 na nataka kuanza ufugaji wa ng'ombe wa maziwa.

Mpango wangu ni huu: mitamba (ng'ombe jike wachanga ambao hawajawahi kuzaa) sita wenye mimba kwa milioni tatu kila mmoja, jumla milioni 18. Banda milioni tano. Milioni moja inabaki ya chakula mpaka wazae. Kila mmoja akitoa lita 15 napata lita 90 kwa siku, na kwa bei ya Sh 1,200 hiyo ni Sh 108,000. Kwa mwezi inapita milioni tatu.

Shemeji yangu yeye ananiambia niachane na maziwa, ninunue madume mnadani ninenepeshe. Naomba wenye uzoefu waniambie hesabu imekaaje.

Mama wa Masama

Mwanangu, hongera kwa akiba hiyo, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujaitoa.

Mimi nafuga Masama, huku juu kwako. Nilianza na mtamba mmoja wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, yaani unakopeshwa ng'ombe na unalipa kwa ng'ombe, nikamlipa kwa ndama wake jike, na sasa nakamua wanne. Hesabu uliyoandika ni ya siku ambayo ng'ombe wote sita wamezaa, wazima, wameshiba, na hakuna aliyekaushwa, yaani aliyeachwa kukamuliwa akisubiri kuzaa. Siku za namna hiyo ni chache. Nikupe hesabu ya ng'ombe mmoja kwa bei tunazonunua sisi hapa, tuseme una wawili na kijana mmoja wa kazi.

Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, kilo tano kwa siku, Sh 3,500. Majani na mabua pamoja na kuyasomba, Sh 1,500. Chumvi ya madini, dawa ya kupe na tabibu, ukigawa kwa siku, Sh 500. Kijana, mshahara na chakula chake ni kama Sh 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo kila ng'ombe anabeba Sh 2,500 kwa siku. Jumla Sh 8,000. Sasa akitoa lita 12, ukitoa moja na nusu ya ndama na ya nyumbani, unauza kumi na nusu, unapata Sh 12,600. Kinachobaki ni Sh 4,600. Lakini akishuka mpaka lita nane unauza sita na nusu, Sh 7,800, na hapo unamlisha kutoka mfukoni. Kwa maneno mengine karibu lita saba za kwanza unazouza si zako, ni za gharama. Na bado sijagusa banda wala bei ya ng'ombe mwenyewe.

Utasema ukiwa na sita mshahara wa kijana unagawanyika. Ni kweli, na hapo hesabu yako ina nguvu. Ila majani hayagawanyiki. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anataka kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kila siku, sikukuu na siku ya msiba. Sita ni kama kilo 270. Eka moja ya mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, huku kwetu kwenye mvua na samadi inaweza kulisha wawili. Kwako tambarare, bila kumwagilia, mimi ningehesabu mmoja kwa eka. Una eka mbili. Wanne waliobaki watakula kwenye pochi, na mwezi wa kwanza na wa pili, jua likiwaka, kila mtu anatafuta majani na muuzaji anapanga bei anavyotaka. Hapo ndipo watu hupunguza pumba "kwa muda", maziwa yanakatika, ng'ombe anakonda, hapati joto la kutaka dume, na mwaka unapita bila ndama.

Ningekuwa na fedha yako ningenunua wawili, milioni sita. Banda la milioni nne, sakafu ya zege yenye mteremko, lijengwe upande ambao unaweza kuliongeza. Tangi na mifereji ya kukinga maji ya bati, milioni mbili na nusu, maana maji ya siku tatu kwa wiki hayatoshi: anayekamuliwa anaweza kunywa lita 80 na zaidi siku ya joto, na asipokunywa maziwa hayaji hata umpe mashudu ya dhahabu. Mabingobingo na uzio, milioni moja na nusu. Chopa ya kukatia majani, milioni moja na laki nane. Watu wengi huiona anasa, lakini mabua mazima ng'ombe huchagua majani na kuacha shina, na nusu ya ulichosomba kinaishia kwenye samadi. Milioni mbili weka ghala la mabua na uyanunue msimu wa mavuno, wakati wenye mashamba ya huko kwenu wanataka yaondoke. Hapo umetumia milioni 17 na laki nane. Zinabaki milioni sita na laki mbili, na hizo zikae benki, ni za chakula na tabibu.

Tabibu wa Mifugo, Arumeru

Mama amesema vema. Niongeze mawili.

La kwanza ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Ng'ombe wa kisasa akiipata bila kuwahiwa hufa, na pale milioni tatu zimekwenda. Ipo chanjo inayochomwa mara moja tu, mnyama akavishwa hereni. Huhifadhiwa ikiwa imegandishwa kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi kali, na ikishayeyushwa haisubiri, ndiyo maana majirani huungana ndama wao wakachanjwa siku moja. Ulizia kwa ofisa mifugo wa kata. Kuogesha kwa dawa ya kupe kuendelee, kwa sababu chanjo hiyo haizuii ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe.

La pili ni joto. Ng'ombe hurudi kwenye joto kila siku 21 hivi. Ukimwona asubuhi amesimama anapandwa na wenzake, niite mchana nimhimilishe, yaani nimpandikize mbegu za dume kwa mrija, jioni hiyo. Ukimwona jioni, nije asubuhi. Mbegu zinatoka kituo cha taifa pale Usa River, kwa hiyo sisi wa kaskazini hatuna shida ya umbali. Shida ni mtu wa kukaa na kuangalia.

Mama wa Masama

Asante tabibu. Hilo la joto liwekwe kwenye shilingi ili mwanangu huyu alione. Ng'ombe aliyefika mwishoni mwa kukamuliwa anatoa lita nne, Sh 4,800. Hata ukimpunguzia pumba mpaka kilo mbili, pamoja na majani, dawa na mshahara wa kijana wa kazi anakula Sh 5,900. Unapoteza Sh 1,100 kila siku. Joto moja likipita bila kuonekana ni Sh 23,100, karibu gharama ya kumhimilisha, na ndama amesogezwa mbele wiki tatu nyingine.

Mnenepeshaji, Shinyanga

Kuhusu shemeji: huku kwetu kunenepesha kunalipa kwa sababu mashudu ya pamba yako jirani na pumba za mpunga zipo. Tunakaa nao kama miezi mitatu. Faida inaanzia mnadani, kwenye jicho la kununua dume lenye mifupa mikubwa lililokonda kwa njaa, si kwa ugonjwa. Ukisafirisha mashudu kutoka huku mpaka Hai sioni utabaki na nini. Na fedha yote inakaa miguuni mwa madume bila shilingi ya kila siku.

Kijana wa Tambarare

Shikamoo mama, na asanteni wote. Nakubali wawili. Je, nikichukua mkopo niongeze wengine wawili mara moja? Na nianze na lipi?

Mama wa Masama

Marahaba mwanangu. Mkopo unadaiwa kila mwezi, na mtamba wa mimba ya miezi mitano atakaa minne hajakupa tone. Subiri hawa wazae, uone maziwa yao yanalipa nini.

Anza na mabingobingo, uyapande masika yakifika na samadi ya kutosha chini ya kila shina. Yakikomaa kukatwa, miezi mitatu au minne hivi, na banda limekauka, ndipo uende kununua. Mtamba hana maziwa ya kuonyesha, kwa hiyo omba kuona mama yake akikamuliwa, jioni na asubuhi. Ukikataliwa, ondoka. Na mimba ipimwe na tabibu uliyekwenda naye wewe, kabla fedha haijatoka mkononi.