Oili nyekundu kwenye usukani wa 993: mafundi, acheni kuchagua kwa rangi!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Raki ya usukani ya gari langu, ile inayogeuza magurudumu ya mbele, imekufa, na kilichoiua ni oili isiyofika hata nusu lita. Gari halikuingia shimoni wala halikugongwa. Mtu aliona chupa ya oili ya usukani imepungua akamimina kilichokuwa karibu na mkono wake.

Gari ni Porsche 911 ya mwaka 1995, ile 993, toleo la mwisho la 911 yenye injini ya kupozwa kwa hewa. Oili yake ya usukani ina jina kamili: Pentosin CHF 11S. Ni ya kijani. Kwa kuwa najua watu hawafungui vitabu vya magari, nilibandika mwenyewe karatasi kando ya kifuniko na kuandika kwa wino mzito "CHF 11S TU". Nikalipeleka gereji kubadilishiwa mikanda. Siku ya kulichukua naambiwa, tena kwa furaha kabisa, "Na oili ya stelingi tumekuongezea, bosi, ilikuwa chini." Nauliza ipi. "Ya stelingi." Nauliza tena, ipi? Naletewa chupa. ATF, oili ya giaboksi otomatiki, nyekundu kama damu.

Nilipomwonyesha fundi ile karatasi, akasema anazijua hizi gari, ameshika 964 nyingi, ile 911 iliyotangulia yangu, na zote zinakunywa ATF. Hapo ndipo nilipochemka, maana kuhusu 964 alikuwa anasema kweli! 964 inatumia ATF ya Dexron, kiwango cha ATF cha General Motors (GM). 993 iliyokuja kuirithi inatumia CHF 11S. Ukiziweka pamoja ni mtu na mdogo wake, lakini ndani ya mabomba ni vitu viwili tofauti. Fundi aliyejua nusu alikuwa hatari kwangu kuliko asiyejua kitu, kwa sababu asiyejua angalau angesoma karatasi.

Nikaomba oili yote itolewe. Nikaambiwa ni kidogo, itachanganyika tu, oili ni oili.

Oili si oili, wakuu. Ndani ya usukani ile oili ndiyo inayosukuma raki, ndiyo inayolainisha pampu, na ndiyo inayobeba joto. Ukikata kona hadi mwisho, presha inaweza kukaribia bar 100. CHF 11S imetengenezwa kwa kazi hiyo: kwenye joto la nyuzi 40 mnato wake ni karibu nusu tu ya ule wa ATF ya kawaida, na kwenye baridi kali tofauti inakuwa kubwa zaidi. ATF nayo ina viungo vya kurekebisha msuguano kwa ajili ya sahani za klachi za giaboksi. Usukani hauna klachi hata moja. Na dawa za kuzuia povu za oili hizi mbili hazikupangwa zikae chungu kimoja.

Wiki ya pili pampu ilianza kulia. Si kelele ya mkanda, ni ule mlio wa "uuuuuu" unaopanda kila ukikata usukani ukiwa unaegesha. Nikafungua kifuniko injini ikiwa bado ya moto. Juu kulikuwa na povu laini, vipovu vidogo vidogo, na chini yake kitu cha rangi ya kahawia, si kijani tena wala si nyekundu. Nikadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Katikati pakabaki doa la kahawia, na pembeni ukatambaa mviringo wa waridi. Ile waridi ni ATF, na ilikuwa mle ndani inafanya kazi ambayo haikuajiriwa. Hewa ikishachanganyika na oili, pampu inasukuma mapovu, na mapovu hayalainishi chuma.

Mnisamehe kwa hatua iliyofuata, maana niliikubali mimi: gereji ya pili, baada ya kuona unyevu kwenye buti (mifuko ya mpira) za raki, ilinishauri tuweke dawa ya kuzuia kuvuja. Msije mkathubutu. Dawa nyingi za aina hiyo zinafanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira wa sili. Sili iliyochakaa inajaa, inaziba kwa muda, halafu inaendelea kulainika. Raki ilipofunguliwa, niliichukua sili moja nikaibonyeza kwa ukucha. Alama ya ukucha ilibaki. Sili nzima hurudi ilivyokuwa. Hii ilibaki na mwezi mchanga juu yake kama udongo wa mfinyanzi.

Sasa hili la rangi. Naomba mnisikilize hasa nyinyi mnaomiliki magari ya zamani ya michezo, maana ndiyo yanayoumia. Rangi ni wino tu! Anayetengeneza oili anaweka rangi aitakayo. CHF 11S ni ya kijani, na LHM, oili ya madini ya Citroën, nayo ni ya kijani, na si kitu kimoja. Kuna mtu ana Citroën SM, ile ya 1970 na kuendelea yenye injini ya V6 ya Maserati. Usukani wake unakula LHM kutoka kwenye mfumo uleule unaobeba breki na springi za gari zima. Ukikosea hapo hujaharibu usukani peke yake. Na kuna wanaosikia neno "breki" wakamimina maji ya breki ya DOT 4, ambayo hula mpira wa sili za mifumo ya oili ya madini. Mungu awasaidie.

Nyekundu nayo ina hadithi yake. Vitabu vya magari mengi ya miaka ya themanini na tisini vinaandika Dexron II: Porsche 944, Mazda MX-5 za kwanza, Toyota Supra A80 kitabu chake kinakubali II au III. Hizo ATF ndiyo yake, msizipe CHF kwa kudhani ya bei kubwa ndiyo bora; kwenye sili zilizozoea oili nzito, nyepesi inaweza kukutolea uvujaji ambao hukuwa nao. Lakini ukienda dukani kutafuta Dexron II unakutana na nini? General Motors ilitoa Dexron ya kwanza 1967, ikaja II 1973, III 1993, na VI 2005. Leseni za Dexron III zilikoma mwisho wa 2006. Kwa hiyo chupa mpya unayoiona leo imeandikwa "Dexron III" haina idhini ya GM nyuma yake. Ni neno la aliyeitengeneza tu. Inaweza kuwa nzuri sana, lakini unamwamini yeye, humwamini GM. GM yenyewe inasema VI inachukua nafasi ya zile za nyuma. Mimi ningekuwa na 944 ningeweka VI yenye leseni kabla sijagusa chupa ya "inafaa magari yote".

Hiyo "inafaa magari yote" ndiyo inayonitia uchungu kuliko hata fundi. Oili moja itakuwaje inafaa gari linalotaka ATF na linalotaka CHF, wakati kuna mtengenezaji wa gari aliyeona haja ya kuandika kwenye kifuniko chenyewe? Angalieni BMW E46: zipo zenye kifuniko kilichoandikwa ATF na zipo zilizoandikwa CHF 11S. Gari lilelile, kifuniko tofauti, oili tofauti. Yaani hata jina la modeli halitoshi, unasoma kifuniko cha gari lililo mbele yako. Na kama mmiliki wa kabla yako alibadilisha pampu au raki kwa ya modeli nyingine, hata kifuniko kinaweza kukudanganya, uliza historia.

Kwa ambaye ameshawekewa isiyo yake na bado usukani haujaanza kulia: msiendeshe mkisubiri muone. Nyonya yote iliyo kwenye chupa kwa sirinji kubwa. Chomoa bomba la kurudisha, liingize kwenye chombo, ziba mdomo wa chupa ulipochomoa. Inua magurudumu ya mbele, yakae kwenye stendi imara, si kwenye jeki. Injini imezimwa, mmoja anazungusha usukani mwisho hadi mwisho taratibu, mwingine anamimina oili sahihi bila kuacha chupa ikauke hata mara moja. Kwenye 911 injini iko nyuma na raki iko mbele, mabomba yanapita urefu wa gari, kwa hiyo oili chafu inaendelea kutoka muda mrefu baada ya kudhani imekwisha. Mimi nilifanya hivi nikiwa nimechelewa, na lita mbili ziliisha kabla rangi ya kahawia haijakata.

Raki iko mezani sasa, imefunguliwa. Shafti ina mkwaruzo mmoja upande wa kushoto, kama milimita 4, ukipitisha ukucha unanasa. Fundi wa sasa, ambaye kwa kweli anasoma kabla ya kumimina, anasema ikisuguliwa itapokea sili mpya. Mimi naogopa mkwaruzo huo utaila sili ndani ya miezi. Mwenye 993 au 964 aliyewahi kubadilisha sili peke yake kwenye shafti yenye alama: ilidumu muda gani? Picha naweka jioni.