Ziara ya Boma la Kale, Dar es Salaam: wanafunzi watazame nini?

Mwalimu wa Mikindani:
Wadau, naomba ushauri. Natarajia kuwapeleka wanafunzi 20 wa kidato cha tatu Dar es Salaam, kwenye kituo cha urithi wa usanifu majengo kilichomo ndani ya Boma la Kale, jengo la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar. Katika ziara ya makumbusho mwaka jana walipita mbio wakinakili maandishi ya ukutani. Safari hii nataka walitazame jengo lenyewe. Waanzie wapi?

Fundi Chokaa, Lindi:
Mwalimu, waanze kwa kuinua macho. Dari za nyumba za mawe za pwani hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haimudu upana wa zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Wape kamba wapime upana, kisha waulize ni nani aliyeuamua, mwenye nyumba au mti.

Halafu wachunguze kuta. Nilipokuwa kijana nilipewa nyumba ya zamani niizibe nyufa, nikaipiga lipu ya saruji. Masika mawili hayakupita, lipu ikabanduka kwa mapande, na jiwe la tumbawe nyuma yake lilikuwa limegeuka unga, ukiligusa kwa kidole linamwagika. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, ilhali chokaa huuachia unyevu utoke. Mpaka leo nikipita pale naumia.

Mkazi wa Kilwa Masoko:
Naunga mkono, ila Mwalimu, basi lenu litapita Nangurukuru. Kwa nini msikate kulia mje kwetu kwanza? Chukueni kibali hapa Masoko, mvuke kwa mashua hadi kwenye magofu ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani. Katika Msikiti Mkuu, ukumbi wa kale wa kaskazini ulikuwa na dari bapa, lakini sehemu kubwa iliyoongezwa kusini iliezekwa kwa kuba na matao ya mawe. Wakishaelewa habari ya boriti, wataona wenyewe mafundi wale walivyothubutu. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye birika la pembe nane, liwekeeni saa nzima.

Mwalimu wa Mikindani:
Ahsanteni sana. Tutalala Masoko usiku mmoja, na Jumamosi hii tutaanza na kamba hapahapa Mikindani, kwenye nyumba za mawe za mji mkongwe, kwa idhini ya wenyewe. Fundi, ukipata nafasi, karibu uwaoneshe chokaa inavyochanganywa.